Grupseti ya baiskeli ya resi: anza na mlima, jina baadaye

Ukiuliza watu ununue grupseti gani, wa kwanza atakwambia Shimano 105, wa pili atasema Ultegra, ile iliyo juu ya 105, maana ndo anayotumia yeye, wa tatu atakutumia picha ya baiskeli yake imeegemezwa ukutani. Hamna atakayekuuliza unapanda milima gani, wala kama karibu na kwako kuna fundi anayezijua hizi baiskeli au wote ni wa kuziba pancha. Wakati hayo mawili ndo yanaamua karibu kila kitu, yanayobaki ni mapenzi na hela yako.

Kwa mgeni, grupseti ni vile vitu vyote vinavyofanya kazi pamoja: shifta (zile leva za usukani zenye breki na giya humo humo), direla ya mbele na ya nyuma, yaani mikono inayohamisha cheni, kranki na sproketi zake, kaseti, yaani lile fungu la sproketi za gurudumu la nyuma, cheni, na breki zenyewe. Kampuni kubwa ni tatu, Shimano ya Japani, SRAM ya Marekani na Campagnolo ya Italia. Huku kwetu mtumba mwingi unashuka na Shimano na spea unazoweza kuzipata bila kuhangaika ni za Shimano, kwa hiyo nitaongelea hiyo. Campagnolo ni raha kuitazama, ila siku kitu kikikatika utaagiza nje na kusubiri huku baiskeli imening'inia.

Sasa tuje kwenye meno, na hapa naomba usiruke maana ndo penyewe. Chukua Mombo kwenda Lushoto, barabara inapanda kama mita 1,000 ndani ya kilomita 30 na kitu, kona juu ya kona, na kuna vipande vinakaza kwelikweli. Baiskeli nyingi za resi za zamani kidogo zinakuja na kranki ya meno 53 na 39, na kaseti inaishia meno 25. Giya yako nyepesi kuliko zote hapo ni 39 gawa kwa 25, unapata 1.56. Tairi la 700, saizi ya kawaida ya baiskeli za resi, likizunguka mara moja linatembea kama mita 2.1, kwa hiyo kila ukizungusha pedeli mara moja unasogea karibu mita 3.3, na ukitaka miguu izunguke mara 70 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida usioua magoti, lazima uwe unaenda karibu kilomita 14 kwa saa. Kwenye mlima unaokaza, mtu wa kawaida mwenye kazi na familia huo mwendo hana. Utashuka mpaka mizunguko 40 hivi, unasukuma pedeli moja moja, mgongo unauma, na watu wa bodaboda wanakupa pole.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa meno 34 mbele na 34 nyuma. Ni moja kwa moja, mzunguko mmoja mita 2.1, na mizunguko 70 inakupa kilomita 9 hivi kwa saa. Hiyo unaiweza na unafika juu unaongea. Kwa hiyo kama uko Arusha, Mbeya, Lushoto, Iringa, au Kenya kule Limuru na Iten, tafuta kranki ya 50 na 34 pamoja na kaseti inayofika 32 au 34, na usione aibu. Rwanda ndo usiseme: mashindano ya dunia Kigali Septemba 2025, mbio ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5 na kupanda kwa jumla kulizidi mita 5,000, na wale ni watu wanalipwa mshahara kukanyaga pedeli. Wa Dar anayeenda Bagamoyo na kurudi anaweza kukaa na 52 na 36 na kaseti ya 11-28 (sproketi ndogo meno 11, kubwa 28), adui yake ni upepo na malori.

Ila angalia direla ya nyuma kabla hujanunua kaseti kubwa. Kuna yenye mkono mfupi na yenye mkono mrefu, na nyingi za Shimano zina namba imeandikwa upande wa ndani. Mfano 105 ya toleo la R7000, ikiandikwa SS (mkono mfupi) mwisho wake ni meno 30, ikiandikwa GS (mkono mrefu) inafika 34. Watu wananunua kaseti ya 34 wanaifunga na SS halafu wanalaumu kaseti.

Ngazi za Shimano nazipitisha haraka. Claris spidi 8 (yaani sproketi 8 nyuma), Sora 9, Tiagra 10, 105 ni 11 au 12 kutegemea toleo, juu yake Ultegra na Dura-Ace. Kadiri unavyopanda unapata wepesi wa uzito na giya zinaingia laini zaidi, ila sio kwamba ya juu inadumu kuliko ya chini, na kwa vumbi letu naona ni kinyume: cheni na kaseti ya spidi 8 ni bei ndogo, ni nene, na fundi yeyote anaielewa. Claris ya R2000, iliyotoka 2017, inadharauliwa bure. Waya zimefichwa chini ya tepu ya usukani kama za wakubwa zake na ukiiseti vizuri inakupeleka popote. Dura-Ace ya sasa hivi haipo tena ya waya, ni ya umeme tu, kwa hiyo ukisikia mtu anakuuzia toleo la karibuni la waya, mwambie akupe namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kifaa kwanza.

Kuchanganya vifaa ndo panapoliza watu. Shifta inavuta waya kiasi fulani na direla inasogea kiasi fulani, zisipokubaliana giya zitarukaruka hata ulete fundi wa Ulaya. Direla za resi za Shimano za spidi 8, 9 na 10 za zamani karibu zote zinavutwa sawa, hizo unaweza kuzibadilishana. Tiagra ya 4700 ni spidi 10 lakini inavuta kama za spidi 11, kwa hiyo haiendi na spidi 10 zilizoitangulia kama Tiagra 4600 au 105 ya 5700. Ukiona mtu anauza "shifta spidi 10" bila namba, hiyo sio taarifa, muombe namba. Kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kaseti ya spidi 8, 9 au 10 inaingia kwenye habu ya spidi 11 ukiweka washa ya milimita 1.85 kwa nyuma, lakini kaseti ya resi ya spidi 11 kwenye habu ya zamani kwa kawaida haikai, labda ile ya 11-34. Hizi za bei nafuu kutoka Taiwan na China, microSHIFT, Sensah, L-Twoo, sio mbaya, ila nunua shifta na direla pamoja.

Ukienda kwenye mtumba, mkono wa kwanza upeleke kwenye shifta maana ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye seti ya waya. Bonyeza leva ndogo na kubwa moja moja usikie mlio wa kila giya. Ikibonyea tu bila kushika, usikimbie bado, mara nyingi grisi ya ndani imekauka kwa kukaa stoo miaka, fundi akipulizia mafuta mepesi na kuichezesha nusu saa inarudi, na hapo ndo unapata bei, muuzaji akidhani imekufa. Halafu vuta gamba la mpira nyuma uangalie kichwa cha waya, kwenye shifta za spidi 11 waya huanza kukatika nyuzi nyuzi humo ndani, na vipande vikinasa utatumia koleo ndogo na matusi.

Cheni ipime, kwa tepu tu ya chuma ya fundi seremala. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya pini ya 24 inaangukia milimita 304.8. Ikiwa inakaribia 306.3 kwa spidi 11, hesabu bei ya cheni mpya, na ikiwa imefika 307 hata kwa spidi 8 imekwisha, na pengine imeshaila kaseti. Sproketi za mbele zikiwa na meno yaliyochongoka kama mapezi ya papa, ondoa bei yake nzima kwenye maongezi.

Na hili watu wengi huku hawalijui: Septemba 2023 Shimano walitangaza kukagua kranki za spidi 11 za Ultegra na Dura-Ace zilizotengenezwa kuanzia Juni 2012 mpaka Juni 2019, maana mkono wa kranki umegundishwa vipande viwili na unaweza kuachana. Namba zake ni FC-6800, FC-R8000, FC-9000, FC-R9100 na FC-R9100-P. Ukikuta mojawapo, safisha mkono kwa ndani uangalie kama kuna mstari wa ufa kwenye maungio, pitisha ukucha, na zile herufi mbili za siku ya kutengenezwa utazikuta humo humo, zilinganishe na orodha ya kampuni. 105 haimo. Ndo maana kwenye mtumba mi naipenda 105 kuliko Ultegra, hata bei zikilingana.

Umeme na disiki kwa kifupi. Di2, giya za umeme za Shimano, ni tamu, unagusa kitufe giya inaingia, ila direla ikipata maji au kugongwa unanunua nzima, hamna fundi wa kuifungua. Breki za disiki zinataka fremu ya disiki, huwezi kuzipachika kwenye fremu ya breki za rimu, kwa hiyo fremu imeshakuamulia. Za mafuta za Shimano zinatumia mafuta ya madini, SRAM nyingi zinatumia DOT, aina ya mafuta ya breki kama ya gari, na ukimimina mafuta ya breki ya gari kwenye Shimano mipira ya ndani inaharibika yote.

Mwenye hela kidogo achukue Claris R2000 au Sora, kranki ya 50 na 34, afunge. Mwenye nafasi atafute 105 ya R7000 ya waya yenye GS, mpya au mtumba uliopimwa. Chochote utakachochukua, bakiza hela ya waya mpya na kava zake, usifunge shifta nzuri kwa waya wa kutu uliokuja na baiskeli.