Dubai–Guangzhou: usihesabu saa kwa kuangalia tiketi tu

Wanaopitia Dubai kwenda kufunga mzigo Guangzhou, tiketi hii huwachanganya wengi. Umbali ni kama kilomita 5,800, na ndege hukaa angani saa 7 na kitu. Lakini ukitoka Dubai saa 4 asubuhi, tiketi itasema unafika kwenye saa 3 usiku na ushei. Ndege haijachelewa: China iko mbele ya Dubai kwa saa 4, na kila muda kwenye tiketi ni wa mji husika. Ukitaka saa za angani, hesabu kutoka muda wa kuondoka hadi wa kufika kwenye tiketi, kisha: kwenda toa saa 4, kurudi ongeza saa 4.

Kurudi ni kurefu zaidi, saa 8 hivi au zaidi, kwa sababu pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi na ndege inapambana nazo. Kwenye tiketi, ajabu, itaonekana kama safari ya saa 4 na nusu tu.

Na hili ndilo linalowaacha watu uwanjani: tiketi ikiandikwa 00:15 tarehe 12, ni saa 6 na robo usiku wa kuamkia tarehe 12. Nenda Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, jioni ya tarehe 11.