Dar mpaka Moro na familia: SGR asubuhi, Uluguru mchana, jioni mko nyumbani

Tangu SGR (ile reli mpya ya treni za umeme) ianze kubeba abiria Dar es Salaam–Morogoro Juni 2024 watu wengi wanapanda treni hadi Moro, wanakula kuku, wanapiga picha na kurudi, na mlima wanauangalia kwa mbali tu. Wakati ile milima ya Uluguru inaanzia hapo hapo mjini, unaweza kuwapandisha watoto na jioni wakalala kwao Dar. Ila inataka kupangwa, na kupangwa kwenyewe kunaanzia mwisho, yaani treni ya kurudi. Mlima haukimbii, treni inakuacha.

Kwa hiyo kwanza kabisa ingia kwenye tovuti ya tiketi za SGR uangalie siku unayotaka treni za jioni kutoka Moro zipo saa ngapi, maana ratiba huwa inabadilika usitegemee ya mwezi uliopita au aliyokwambia shemeji. Kata tiketi ya kurudi kwanza halafu ndo ya kwenda. Wikiendi na sikukuu siti za jioni zinaisha haraka sana, watu wengi wanakuwa wanarudi Dar. Nauli iliyotangazwa 2024 kwa treni ya kawaida ni 13,000 mtu mzima, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu yake, chini ya miaka 4 bure. Chukulia baba, mama, mtoto wa miaka 8 na mdogo wa miaka 3, hapo kwenda na kurudi ni 65,000. Hiyo hela ukiiweka kwenye mafuta ya gari bado una foleni ya Mlandizi na Chalinze, na dereva ndo huyo huyo baba mtu anayetakiwa apande mlima na arudi akiendesha usiku, mi naona haifai.

Sasa hesabu ya saa. Tuseme treni yenu ya kurudi ni saa 11 jioni. Stesheni muwe mmefika saa 10, kuna kukaguliwa na geti linafungwa kabla treni haijaondoka, pale hakuna kumbembeleza mtu. Stesheni ya Moro haipo mjini, ipo upande wa Kihonda, so weka muda wa bajaji, weka na muda wa kula na kubadilisha watoto nguo, maana yake saa 8 mchana mnatakiwa muwe mshashuka mlimani mko chini kabisa. Kushuka na watoto ni saa moja na nusu mpaka mawili (wengi wanadhani kushuka ni chap chap, hapana, magoti yanatetemeka na njia inateleza), kwa hiyo saa 6 mchana mnageuka. Popote mlipo, hata kama mnaona mmebakiza kidogo, mnageuka. Mkiondoka Dar na treni ya saa 12 asubuhi, ambayo inatumia chini ya masaa mawili, saa 3 mnakuwa mnaanza kupanda, so mna masaa matatu ya kupanda taratibu na kupumzika, inatosha kabisa. Kama treni ya asubuhi uliyopata ni ya saa 3 au 4, achana na mlima siku hiyo, chagua siku nyingine.

Njia gani sasa. Kuna watu watakwambia Lupanga, kile kilele kinachoonekana juu ya mji. Lupanga ni zaidi ya mita 2,000, unapita ndani ya msitu, ni mkali na mizizi inateleza, hiyo ni ya watu wazima na ni siku nzima. Kwa familia nenda njia ya Morningside, pale juu kwenye jengo la zamani la Wajerumani. Unaanzia mjini, unapanda na Boma Road mpaka lami inaisha, halafu njia inapita kwenye mashamba ya Waluguru na vijito vya maji, mji wote wa Moro unauona chini yako. Kama mdogo wenu yuko chini ya miaka 6 hata msitamani kufika juu, nendeni mpaka Choma kwenye maporomoko, kaeni, chezeni na maji, shukeni. Watoto wenyewe maji ndo wanayakumbuka, kilele hawana habari nacho.

Chukua mwongozaji. Sio kwamba njia ni ya kutisha, ila kuna vichochoro vingi vya mashambani na ukipotea nusu saa ile hesabu yote ya treni imekufa. Pale mjini kuna vikundi vya utalii wa utamaduni vinatoa waongozaji, piga simu siku moja au mbili kabla, mkubaliane bei na umwambie kabisa una watoto wa umri gani na treni yako ni saa ngapi. Na muulize kuhusu kibali, maana ukiingia ndani ya hifadhi ya msitu kuna ada ya TFS (wakala wa misitu wa serikali) inalipwa kwa kontroo namba, bora ulipe mapema kuliko kuanza kuhangaika na mtandao mko nusu ya njia.

Kitu kimoja njiani. Asubuhi mtapishana na kina mama wanashuka na mizigo kichwani kwenda sokoni, karoti, kabichi, majani ya vitunguu bado yana umande, na wanashuka haraka, akiwa na mzigo ule hawezi kusimama ghafla. Njia ni nyembamba ya mtu mmoja. Ninyi ndo mnapisha, mnasimama upande wa mlima sio upande wa bonde, watoto mmewashika mkono, na watoto wanaamkia shikamoo mama. Utashangaa salamu hiyo inavyofungua mambo, ukirudi kuulizia stroberi unaitwa kabisa shambani ukachume mwenyewe. Kununua nunueni mkiwa mnashuka, na mbebe kontena gumu lenye kifuniko, kwenye mfuko zinafika Dar zimekuwa jemu.

Vya kubeba: maji ya kutosha kila mtu chupa yake, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi. Matunda menya nyumbani kabisa, mizigo inapita kwenye mashine kama airport na kisu chako cha kumenyea embe kitaleta maswali. Viatu raba yenye meno chini, sendo hapana, ule udongo mwekundu ukilowa kidogo tu unateleza kama bamia. Jaketi jepesi kwa ajili ya ukungu, nguo moja ya kubadilisha kila mtoto (watakaa chini, watake wasitake), mbeleko au kanga ya kumbeba mdogo mgongoni akichoka. Kigari cha mtoto acha nyumbani. Vitambulisho msisahau vilivyokatia tiketi, mi huwa nabeba na kopi za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Choo malizeni kwenye treni au mjini, huko juu ni kichakani tu.

Kwenye treni yenyewe kaeni mkono wa kushoto ukiangalia inakoelekea, kurudi mkae kulia, huko ndo Uluguru ilipo. Mkitoka Dar mnaanzia juu kwenye daraja refu linalopita juu ya mji, hapo watoto wapewe dirisha. Halafu Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Pale Ruvu waambie maji ya bombani Dar mengi yanatoka kwenye huo mto, na huo mto unaanzia kwenye milima mnayoenda kupanda, mi naona wakiunganisha hivyo hata kupanda wanapanda kwa adabu. Treni inafika 160 kwa saa kwa hiyo ukichelewa kuonyesha kitu kimeshapita. Na mapema kabisa waambie mahandaki hayapo kipande hiki, yako mbele huko Kilosa kwa wanaoenda Dodoma, la sivyo utaulizwa "handaki liko wapi" mpaka mnashuka.

Miezi mizuri ni Juni mpaka Septemba, kavu na kuna kibaridi. Machi mpaka Mei ni masika, msiende na watoto. Novemba na Desemba mnaweza kubahatisha ila muulizeni mwongozaji jana yake kama kulinyesha, yeye anajua njia ikoje kuliko programu ya hali ya hewa kwenye simu, maana mjini unaweza kukuta jua kali na mlimani kumefunga.

Mkifika mkakuta mvua, msilazimishe. Tiketi ya jioni ipo palepale, siku bado ni yenu: nendeni Rock Garden chini ya mlima watoto wacheze kwenye mawe, mvua ikizidi ingieni soko la Chifu Kingalu mnunue mboga na ndizi, mle vizuri mjini, halafu saa 9 na nusu tafuteni bajaji ya Kihonda, mkubaliane bei kabla hamjapanda.