Kupanga uwanja wa Jardine bila kuvunja sheria

Mwaka 1932–33 nahodha wa kriketi wa Uingereza, Douglas Jardine, alimzuia mpigaji nyota wa Australia, Don Bradman, kwa mipira ya kurushwa mwilini. Wastani wa runi (alama) za Bradman ulishuka hadi 56.57 na Uingereza ikashinda 4–1, ila lawama zingalipo.

Kwanza pata mrushaji mwenye kasi ya Harold Larwood, mrushaji wa Jardine. Akirusha polepole, unagawa runi bure. Mpira udunde karibu na katikati ya pichi (njia kati ya mrushaji na mpigaji), uinuke mbavuni. Jardine alijaza wadakaji upande wa miguu ya mpigaji, yaani ulio nyuma ya miguu yake anaposimama kupiga.

Leo huwezi. Nyuma ya mstari wa mpigaji, upande huo, ruhusa ni wawili tu, bila kumhesabu mlinda wiketi (anayesimama nyuma ya vijiti vya mpigaji). Weka mmoja karibu, mmoja mpakani; wadakaji wengine wakae mbele ya mstari. Kosa la kawaida ni mdakaji wa mbele kurudi hatua moja nyuma ya mstari: anakuwa wa tatu, refa anaita noboli (mpira usio halali), na mpigaji akidakwa hatoki. Wahesabu kabla ya kila mpira.

Mechi za Test (za kimataifa za siku kadhaa) huruhusu mipira miwili tu ya juu ya bega kwa ova, yaani kwa kila mirusho sita. Mpigaji asiye na kofia ngumu asirushiwe mipira hiyo kamwe: katika mfululizo huo, mjini Adelaide, Bert Oldfield wa Australia alivunjika fuvu, tena uwanja ukiwa umepangwa kikawaida.