Kusomea muziki wa kanisa chuoni: maandalizi, masomo na kazi ya kurudi nayo usharikani

Walimu wengi wa kwaya wanaokwenda chuoni kusomea muziki huondoka nyumbani wakiwa na hazina kubwa tayari. Wanasoma sol-fa (noti za doh, re, mi zinazoandikwa kwa herufi) bila kusita, wanamsikia mtu mmoja wa besi akipotea kati ya waimbaji arobaini, na nyimbo walizotunga zinaimbwa hadi sharika za jirani. Muhula wa kwanza huwaelemea kwa mambo mengine matatu: noti za mistari mitano, kinanda cha mikono miwili na kazi za kuandika. Yote hayo yanaweza kuanzwa nyumbani kwa gharama ndogo, miezi sita kabla chuo hakijafunguliwa. Anayewahi hupata nafasi ya kujifunza yale ambayo nyumbani hayapatikani. Anayechelewa humaliza mwaka mzima akihangaika na misingi.

Chuo na sifa za kujiunga

Kwa Tanzania, jina linalotajwa kwanza ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichoko Usa River kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Ni chuo cha Kilutheri kilichokua kutokana na chuo cha theolojia, na kinatoa shahada ya muziki. Mwanafunzi wa muziki hapo anaishi jirani na wanaosomea uchungaji, na ujirani huo ni sehemu ya masomo: kesho na keshokutwa hao ndio watakaopanga ibada pamoja naye. Mkoani Kagera, Ruhija nayo ina historia ndefu ya kulea walimu wa kwaya.

Kwa shahada, mwombaji wa Kidato cha Sita anatakiwa awe amefaulu masomo makuu mawili kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye stashahada anahitaji wastani wa 3.0 au zaidi. Kwa ngazi ya astashahada, vinatakiwa vyeti vya Kidato cha Nne vyenye ufaulu wa masomo manne, na hapa wengi wa watu wa kanisa huumia: masomo ya dini hayahesabiwi. Mwenye ufaulu wa masomo manne, mojawapo likiwa Maarifa ya Biblia, ana matatu tu. Afadhali kulijua hilo mapema na kurudia somo moja kuliko kulipa ada ya maombi bure. Dirisha la shahada kwa kawaida hufunguliwa Julai, baada ya matokeo ya Kidato cha Sita. Hakikisha kozi yenyewe, si chuo peke yake, imeidhinishwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa shahada, au NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) kwa astashahada na stashahada.

Kabla ya kujaza fomu, piga simu au fika chuoni uulize: Kuna vinanda vingapi vya mazoezi, na vinatumiwa na wanafunzi wangapi? Mwalimu anakaa na mwanafunzi mmoja mmoja kwa dakika ngapi kwa wiki? Je, liturujia (utaratibu wa ibada) na historia ya tenzi zinafundishwa, au ni muziki wa jukwaani tu? Ngoma na ala za asili zimo? Chuo chenye vinanda vitatu kwa wanafunzi sitini kitakunyima mazoezi hata kama walimu wake ni hodari.

Ikiwa usharika au dayosisi ndiyo italipa, makubaliano yaandikwe. Waraka utaje nani analipa ada, nani analipa chakula na nauli, fedha zinatumwa mwezi gani, na ukirudi utatumika miaka mingapi kwa posho kiasi gani. Wazee wa kanisa hubadilika kila baada ya uchaguzi, na ahadi ya mdomo hubadilika pamoja nao. Wanafunzi wazuri wamerudishwa nyumbani mwaka wa pili kwa sababu hii tu.

Miezi sita ya kujiandaa

Anza na kile unachokijua. Chukua kitabu cha nyimbo cha kanisa lako chenye sol-fa, na kila wiki hamisha wimbo mmoja kwenda kwenye mistari mitano kwa mkono, sauti zote nne. Kujua doh iko wapi kuna njia fupi. Tazama alama za mwanzo wa mistari. Zikiwa shapu (za kupandisha noti nusu hatua), ile ya mwisho kulia ni ti, kwa hiyo doh ni nusu hatua juu yake. Zikiwa flati (za kushusha noti nusu hatua), ile ya mwisho ni fa, nawe hesabu kushuka: fa, mi, re, doh. Shapu zinapangwa F, C, G, D, A, E, B. Flati ni mpangilio huohuo ukisomwa kinyume. Baada ya nyimbo ishirini hivi jicho litaanza kuiona doh lenyewe, na hapo ndipo sol-fa uliyoizoea inageuka kuwa faida chuoni. Kuna wanaoidharau wakishaingia darasani, wakiona ni ya kizamani. Wasikusumbue: mwenye sol-fa kichwani huimba noti asizowahi kuziona kwa usahihi kuliko anayetegemea kinanda kimpe sauti.

Kinanda cha funguo 61 kinatosha kuanzia, mradi funguo zake zinahisi nguvu ya kidole na kinakubali betri, maana umeme hukatika. Kitufe cha kuhamisha funguo usikiguse kabisa kwa miezi hiyo sita. Wapiga kinanda wengi wa makanisani wanapiga kila wimbo kwa vidole vya C na kuiachia mashine ipande au ishuke; wakikalishwa mbele ya piano ya chuo, isiyo na kitufe hicho, mikono inakufa ganzi. Jifunze C, G, F, D na B flati kwa vidole halisi. Nyimbo nyingi za ibada zitaingia humo.

Saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, inazaa kuliko saa tano za Jumamosi. Igawe hivi: dakika 10 za ngazi (doh hadi doh, kupanda na kushuka) kwa mikono yote, 25 za wimbo wa kitabuni, 15 za kusoma kitu kipya ambacho hukukiona kabla, na 10 za kupiga kwa sikio. Wimbo wa sauti nne upigwe kwa hatua. Kwanza soprano na besi peke yake, kwa mapigo 60 kwa dakika au pungufu. Zikitulia, ongeza alto kwenye mkono wa kulia, na mwisho tenor kwenye mkono wa kushoto. Anayeanza na sauti zote nne kwa mwendo wa ibada huzoesha vidole makosa, na kosa lililozoeleka huchukua muda mrefu kung'oka kuliko kujifunza upya.

Kwenye usaili utatakiwa kwa kawaida kuimba, kupiga kitu, kurudia kwa makofi mdundo uliopigwa na mwalimu, na kurudia kwa sauti noti chache ulizosikia. Chagua wimbo mfupi unaoumudu kabisa. Mshindo mkubwa wa kwaya ya rekodi haumsaidii msaili kusikia sikio lako.

Darasani

Somo la uwiano wa sauti (jinsi sauti nne zinavyopangwa pamoja) huwashangaza watunzi. Kazi ya kwanza inarudi imejaa wino mwekundu kwenye tano sambamba: besi na tenor zimeachana kwa umbali wa noti tano, kama doh na soh, kisha zote mbili zikapanda hatua moja. Sababu ya katazo ni kwamba sauti zikienda hivyo sikio linazisikia kama moja, na ule utunzi wa sauti nne unabaki na tatu. Rekebisha kwa kuipeleka tenor kinyume na besi. Lakini elewa pia mipaka ya kanuni hiyo. Ni ya mtindo wa Ulaya. Wagogo wa Dodoma wanaimba kwa nne na tano sambamba, na uzuri wa nyimbo zao umo humohumo. Ukiandika tenzi ya mtindo wa Kijerumani, fuata kanuni. Ukiandikia kwaya wimbo wa asili ya Kigogo, usiunyooshe mpaka ukafa. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Makumira, alikusanya miaka ya 1960 tenzi zenye miziki ya Kiafrika kutoka makabila mbalimbali, na zikaingia katika ibada. Njia hiyo bado iko wazi, na kila mwanafunzi anapaswa kutoka nyumbani na angalau nyimbo tano za wazee wake alizozirekodi kwa simu, zikiwa na majina ya waimbaji na maana ya maneno.

Kuweka Kiswahili kwenye muziki ndiko tunakotaka mwanafunzi atumie nguvu nyingi zaidi, kwa kuwa waumini wanasikia kosa hata wasipolijua jina lake. Mkazo wa neno la Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo ndiyo inayostahili pigo zito. Nyingi ya tenzi zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza zilipewa maneno ya kujaza noti, ndiyo maana tunaimba "Yesu" huku "su" ikigongwa kuliko "Ye". Tena, m inayosimama mbele ya konsonanti mara nyingi ni silabi kamili: mtu ni silabi mbili, mtakatifu ni tano. Mbingu ni mbili tu, kwa kuwa m hapo imeungana na b.

Chukua Zaburi ya 23: "Bwana ndiye mchungaji wangu." Silabi ni kumi: Bwa-na-ndi-ye-m-chu-nga-ji-wa-ngu. Mkazo uko kwenye Bwa, ndi, nga na wa. Kwa mizani (vipimo vya mapigo) miwili ya mapigo manne, doh ikiwa F, inaweza kukaa hivi (mstari wa katikati ya kila mzani unaonyesha pigo la tatu, lenye mkazo mdogo):

| d : r | m : m .r,r | s : f | m : r |
Bwa-na ndi-ye m-chu nga-ji wa-ngu

Pigo la nne limegawanywa: "ye" inachukua nusu, "m" na "chu" robo kila moja, ili "nga" iangukie kichwa cha mzani unaofuata. Mtunzi asiyegawa pigo hilo huangukia moja ya makosa mawili. Ama anaibana "m" ndani ya "chu" mpaka inapotea, ama anaiweka "chu" kwenye pigo zito, na neno linasikika la kigeni. Kabla ya kuandika noti yoyote, soma maneno kwa sauti mara tatu huku ukipiga meza kwenye mkazo. Mdundo wa wimbo mara nyingi umeshajitaja hapo.

Andikia sauti zilizopo kanisani. Kwa waimbaji wasiofunzwa, soprano ibaki kati ya C ya kati na F au G iliyo oktavu ya juu yake. Alto kati ya G iliyo chini ya C ya kati na C ya oktavu inayofuata. Tenor kutoka C iliyo oktavu moja chini ya C ya kati hadi F iliyo juu ya C ya kati. Besi kutoka F iliyo chini ya mistari ya ufunguo wa besi hadi C ya kati. Noti ya mwisho wa mipaka hiyo ipitiwe, isikaliwe. Tenor wanaoshikiliwa kwenye F kwa mizani minne huishia kupiga kelele, kisha mazoezi yanayofuata nusu yao hawaji.

Kwaya usiiache

Ukiwa chuoni, shika kwaya yoyote ya jirani, hata ya watoto wa shule ya Jumapili. Mazoezi ya saa moja na nusu yanatosha: dakika 10 za kupasha sauti, 30 za wimbo mpya, 30 za wimbo wa Jumapili hiyo, zinazobaki ni za maombi, matangazo na marudio. Usifundishe sauti moja kwa dakika ishirini huku wengine wakipiga soga. Fundisha mizani miwili au minne kwa besi, kisha soprano, uziunganishe papo hapo, na wengine wavume kwa sauti ya chini wakisubiri zamu.

Kwaya ikishuka sauti kati ya ubeti wa kwanza na wa nne, tatizo mara nyingi liko kwenye mi na ti zinazoimbwa chini, na kwenye pumzi inayoisha kabla ya mwisho wa mstari. Zima kinanda, imbeni ubeti mmoja, kisha gusa doh moja muone mmefika wapi. Kupandisha wimbo nusu hatua wakati mwingine huponya, hasa kama uliandikwa F.

Jifunze kalenda ya kanisa mpaka uweze kupanga nyimbo bila kuulizwa: Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka, Pentekoste, na masomo ya kila Jumapili. Mchungaji anapokuja na mahubiri ya toba akakuta kwaya imeandaa wimbo wa shangwe, kosa ni la aliyepanga bila kusoma masomo. Kuhusu vyombo vya sauti, jua angalau hili: kipaza sauti cha kwaya kikae kama mita moja mbele ya mstari wa kwanza na juu kidogo ya vichwa, spika ziwe mbele yake zikielekea waumini. Kikipiga mluzi, punguza sauti ya kipaza hicho kwanza.

Mwaka wa mwisho, kabla ya kazi ya kuhitimu kukubana, andaa faili la nyimbo 20 utakazorudi nazo: kila moja kwa sol-fa na kwa mistari mitano, ikitaja funguo, mwendo, majira ya kanisa na chanzo cha maneno. Piga nakala mbili, moja ya kwako, nyingine ya kabati la kwaya, na faili la kompyuta litumwe kwenye barua pepe ya ofisi ya usharika.