Kumwandalia mwanakwaya asiyeona nota zake: hatua ninazofuata

Nafundisha kwaya ya kanisa huku Eastlands, Nairobi. Kwa muda mrefu nilimfundisha dada mmoja wa alto, ambaye haoni, kwa njia ambayo walimu wengi wa kwaya tumeizoea: namrekodia sauti yake kwa simu, namtumia kwa WhatsApp, anasikiliza akiwa kwenye matatu, anafika mazoezini ameshaikariri. Jumamosi moja alto wote walikuwa sawa isipokuwa yeye. Kwenye kiitikio alikuwa anashuka nusu sauti kabla ya wenzake. Nilimsahihisha mara tatu mbele ya watu. Nilipofika nyumbani nikaisikiliza ile rekodi. Kosa lilikuwa langu. Yeye aliimba kile nilichomwimbia. Wenzake walikuwa na karatasi ya kunipimia, yeye hakuwa nayo.

Tangu siku hiyo rekodi nimeiweka mahali pake: ni msaada wa nota, haiwezi kuwa badala yake. Anayesoma wimbo mwenyewe huamua mwenyewe, na mwalimu akikosea anamwambia.

Hatua ya 1: Muulize anasomaje

Usianze na kompyuta. Yupo aliyefundishwa breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, tangu utotoni, pengine kule Thika ambako shule ya wasioona iliyoanzishwa na Salvation Army ipo tangu 1946. Yupo aliyepoteza kuona ukubwani kwa sababu ya kisukari, breli hajawahi kuigusa, na anategemea simu inayomsomea. Halafu wapo wenye uoni hafifu, nao hawafanani. Aliyeharibiwa macho na presha ya macho mara nyingi hupoteza uwezo wa kuona pembeni, kwa hiyo ukimkuzia nota kupita kiasi ataona moja moja na kupoteza mstari mzima. Mimi huchapisha ukurasa mmoja kwa saizi tatu, nampa, kisha nanyamaza asome.

Uliza pia: anasoma breli ya maneno tu, au na ya muziki? Ni vitu viwili, na utaona sababu hapo chini.

Hatua ya 2: Solfa iandikwe, isipigwe picha

Kwaya zetu nyingi zinaimba kwa solfa, yaani nota za doh, re, mi zilizoandikwa kwa herufi, na karatasi zenyewe ni kopi ya kopi iliyotolewa mjini miaka iliyopita. Tunaipiga picha na kuitupa kwenye grupu. Simu inayosoma kwa sauti haipati kitu humo, kwake ni picha tu. Hata ukichapa solfa vilevile ilivyo, nukta pacha na vistari vinaweza kurukwa au kutajwa kimoja kimoja hadi wimbo upotee.

Solfa ina bahati moja: ni herufi. Kwa hiyo inaandikika upya kwa ajili ya sikio. Tuseme karatasi ina hivi:

| d : r | m : – | s . f : m |

Mimi naandika:

Kipimo 1: doh, re. Kipimo 2: mi, vuta. Kipimo 3: soh fah, mi.

Koma inatenga pigo na pigo, na kisomaji cha simu hutua kidogo kwenye koma, hivyo mapigo yanasikika. Nota mbili zinazogawana pigo moja zinakaa pamoja bila koma. Nota ya juu naiandika "doh juu", ya chini "soh chini". Naandika "doh" kwa sababu sauti ya Kiingereza ya simu ikikutana na "do" inaweza kutamka "du". Chini ya kila vipimo vinne naweka maneno ya wimbo, na juu kabisa naandika: Doh ni G, mapigo mawili kwa kipimo, alto inaanza na doh.

Andika sauti moja kwa faili moja. Mtu wa alto asilazimike kupita kwenye besi ili afike kwake. Ukimaliza, washa kisomaji cha simu yako mwenyewe, funga macho, jaribu kuimba unachosikia. Ukikwama, naye atakwama.

Kwa msomaji wa breli kazi ni nyepesi zaidi, kwani herufi za solfa zina nukta zake kwenye breli ya kawaida. Anayejua kutumia Perkins, mashine ya kuchapia breli, anaweza kuandika mwenyewe huku unamsomea. Tumia karatasi nzito, kwa sababu kwenye nyepesi nukta hulala chini ya vidole baada ya kusomwa mara chache.

Hatua ya 3: Nota za mistari mitano ziende breli

Wimbo ukiwa wa mistari mitano, ninauingiza kwenye MuseScore, programu ya bure ya kuandikia nota. Nimejaribu kupiga skani ili kompyuta itambue nota yenyewe. Kwa karatasi zetu zilizofifia, muda wa kusahihisha unazidi muda wa kuandika upya. Andika kwa mkono.

Hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu, hivyo soma polepole. Karatasi za kwaya kwa kawaida huweka soprano na alto kwenye mistari mitano ileile, vijiti vya soprano juu, vya alto chini. Jicho hulitatua hilo mara moja. Breli husoma mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo programu italazimika kuandika kipimo cha soprano, kuweka alama maalumu, kisha kurudia kipimo hichohicho kwa alto. Msomaji anachoka kabla ya ukurasa wa pili. Ipe kila sauti mistari yake mitano, halafu utoe sauti moja moja. Maneno kama "polepole" na alama za nguvu ya sauti ziingize kwa vifaa vyenyewe vya programu. Ukizichapa kama maandishi ya kawaida yanayoelea, huenda zisivuke kwenda kwenye breli.

Kisha una njia mbili. MuseScore 4 yenyewe inatoa faili ya breli. Au toa faili ya MusicXML, aina ya faili ya nota inayofunguka kwenye programu nyingine, uifungue kwenye Sao Mai Braille, programu ya bure iliyotengenezwa na kituo cha wasioona cha Vietnam, inayokupa uhuru zaidi wa kupanga kurasa. Kama msomaji ana Orbit Reader 20, kifaa cha kusomea breli chenye seli (nafasi za herufi) 20 kwa mstari, panga mistari kwa urefu huo, weka faili hiyo ya breli (BRF) kwenye kadi ya kumbukumbu, amemaliza.

Hatua ya 4: Jifunze breli ya muziki kiasi cha kukagua

Usitume usichoweza kukikagua. Habari njema ni kwamba msingi wake unajifunza kwa jioni chache. Louis Braille alikuwa mpiga kinanda cha kanisa, na mfumo alioutoa mwaka 1829 ulikuwa na muziki ndani yake tangu mwanzo, kwa nukta sita zilezile.

Kila seli ina safu mbili za nukta: kushoto 1, 2, 3 na kulia 4, 5, 6, zikihesabiwa kutoka juu kwenda chini. Nukta nne za juu, yaani 1, 2, 4 na 5, zinasema ni nota gani. C ni umbo la herufi d, D ni e, E ni f, F ni g, G ni h, A ni i, B ni j. Nukta mbili za chini, 3 na 6, zinasema urefu. Zikikosekana zote, nota ni ya nusu pigo. Nukta 6 ikiwepo ni pigo moja. Nukta 3 ni mapigo mawili. Zote mbili ni manne. Kabla ya nota ya kwanza inakuja alama ya oktava: nukta 5 ni oktava inayoanzia C ya katikati ya piano. Nafasi tupu ni mwisho wa kipimo.

Kwa hiyo C pigo moja, D pigo moja, E mapigo mawili, kuanzia C ya katikati, ni seli nne: nukta 5, kisha 1456, kisha 156, kisha 1234.

Sasa mtego unaotuhusu sisi tuliolelewa na solfa. Wimbo ukiwa wa C, herufi d inaangukia doh, na mwanafunzi anafurahi akidhani anasoma solfa. Wimbo unaofuata ukiwa wa G, doh sasa ni umbo la h, na kila kitu kinamvurugikia. Mwambie mapema kwamba breli ya muziki haihami na doh. Dada yetu wa alto alihitaji wiki kadhaa kuzoea hilo, na leo anasoma nota za mistari mitano vizuri kuliko nusu ya besi wangu.

Hatua ya 5: Maandishi makubwa

Kukuza kwa mashine ya kopi kutoka A4 hadi A3 kunaongeza asilimia 41 tu, na mwanakwaya anabaki ameshika bango. Badala yake, kwenye mipangilio ya ukurasa ya MuseScore ongeza nafasi kati ya mstari na mstari, kutoka kama milimita 1.75 hadi 2.5 au 3, ficha sauti zisizo zake, acha programu ivunje mistari upya. Maneno yawe manene, saizi 20 kwenda juu. Saiba nyingi zitakuchapishia. Omba karatasi isiyong'aa.

Hatua ya 6: Rekodi, sasa

MuseScore itatoa sauti iliyo sahihi kama nota ulizoingiza. Toa sauti yake peke yake kwa mwendo wa taratibu, kisha pamoja na nyingine. Faili ipewe jina la wimbo, sauti, na vipimo, isiwe "rekodi mpya 2".

Kuhusu haki za mtunzi: Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya iliingia mwaka 2017, unahusu maandishi na nota pia, na unaruhusu nakala ya aina hii kwa asiyeona. Ni kwa ajili yake. Usiisambaze kwa kwaya nzima.

Hatua ya 7: Mazoezini

Mpe nota zake kabla ya wengine, wiki moja ikiwezekana, maana akiimba amesimama mkono mmoja unasoma na mara nyingi atataka ameshakariri. Usiseme "ukurasa wa tatu, juu", kurasa zake haziendi sambamba na zenu. Sema "kipimo cha 12". Pumua kwa sauti kabla ya kuingia, apate mwanzo pamoja nanyi.

Na tukibadilisha kitu, wenzake wakichora kwa penseli, mimi naandika pembeni ya daftari langu: kipimo, sauti, badiliko. Usiku huohuo narekebisha faili na kumtumia, kabla sijalala.