Somo: Kukagua usawa wa jinsia darasani kwa kalamu na karatasi

Mkataba wa CEDAW wa 1979, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, kifungu cha 10, unataka vitabu na mitaala ipitiwe upya ili kuondoa dhana potofu kuhusu kazi za kike na za kiume. Sawa, lakini mtaala huchukua miaka kubadilika na wewe kesho una kipindi. Acha mabango, anza kuhesabu.

Hatua ya 1: Chukua sura moja ya kitabu cha kiada. Andika nani ametajwa kwa jina, anafanya nini, nani anaeleza na nani anatazama tu. Picha zihesabu peke yake. Idadi ikilingana usishangilie upesi: msichana anayetabasamu kando huku kaka yake akiunganisha saketi yumo kwa hesabu tu.

Hatua ya 2: Mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma na mchoro wa madawati. Kila unapomwita mwanafunzi, mwenzako apige alama: K kwa swali la kukumbuka, F kwa la kufikiri. Hapa ndipo penye kazi. Unaweza kukuta majina yamelingana ilhali F zimerundikana upande mmoja. Ukishauliza, nyamaza sekunde 3 kabla ya kutaja jina. Anayeruka "mimi mwalimu, mimi!" si lazima awe ndiye mwenye jibu.

Hatua ya 3: Zungusha kazi. Aliyeandika matokeo ya maabara leo, kesho ashike vifaa. Zamu za usafi vilevile.

Na watoto wanaona. Katika utafiti wa David Chambers uliochapishwa 1983, watoto 4,807 walichora mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28, wote wasichana.

MASWALI

Mwalimu, mtihani unafuata kitabu. Nikibadili mifano si nitawapoteza?
Mada huigusi. Kanuni ya Ohm haibadiliki, awe Asha au Juma anayeshika waya.

Mbona wavulana hamuwasemi? Kwangu wao ndio wako nyuma kusoma.
Umesema kweli, hata kwenye PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, wasichana huwapita kusoma karibu kila nchi. Karatasi ni ileile: angalia nani anaazima hadithi na nani huitwa kusoma kwa sauti.

Nasubiri, lakini wasichana wangu bado kimya.
Wape dakika moja wajadiliane wawili wawili, kisha kila mmoja atoe jibu la mwenzake. Kusema la mwenzako hakutishi sana.