Somo: NMC (Baraza la Manesi na Wakunga la Uingereza) wakikuandikia kuhusu afya yako

Nimechoka kujibu hili moja moja. Napigiwa simu na manesi wetu walioko Uingereza, nikimaliza napigiwa na mama zao huku Mombasa, Kisauni na Likoni: "Baraza limemwandikia mtoto kuhusu ugonjwa, atafukuzwa?" Someni hapa, kisha ulizeni.

1. Ugonjwa peke yake si kosa. Kisukari, kifafa, sonona, VVU: wapo wanaofanya kazi nayo vizuri. NMC huangalia kama hali hiyo yaweza kumdhuru mgonjwa, na kama unaikubali na unatibiwa.

2. Mwambie meneja, uonane na kitengo cha afya kazini. Mengi huishia hapo kwa kubadilishiwa zamu tu. Hali yako ikihesabiwa ulemavu, Sheria ya Usawa ya 2010 inamtaka mwajiri akurekebishie kazi kadiri inavyofaa.

3. Jiunge na chama cha wafanyakazi, RCN (cha manesi) au Unison, kabla ya shida.

4. JIBU BARUA. Hapa ndipo watu wetu huangukia. Dada mmoja ninayemjua alikuwa anatibiwa vizuri kabisa, dawa anameza, kliniki haikosi, lakini kwa aibu barua zote alizitia kwenye droo bila kuzifungua. Baraza lilichokiona ni nesi mgonjwa asiyejibu. Watajuaje unatibiwa usipowaambia? Wataomba idhini ya kupata ripoti ya daktari wako, au upimwe na daktari watakayemchagua wao. Ukikataa, kukataa huko kwaweza kuhesabiwa dhidi yako. Usijibu siku hiyo hiyo ukiwa na hasira. Usiwatumie faili lako zima la hospitali kabla mtu wa chama hajalipitia. Usikane jambo ambalo daktari wako ameshaliandika. Na nawasihi, msinyamaze.

5. Amri ya muda (ya kukusimamisha au kukuwekea masharti uchunguzi ukiendelea) si hukumu. Huweza kufika miezi 18, na hukaguliwa njiani.

6. Kikao kikifika, habari za afya kwa kawaida husikizwa faraghani. Waweza kupewa onyo, masharti ya kazi hadi miaka 3, au kusimamishwa hadi mwaka 1. Kwa afya pekee hawawezi kukufuta kwenye daftari la manesi mpaka uwe umesimamishwa au umekaa chini ya masharti mfululizo kwa miaka 2 au zaidi. Rufaa ni ndani ya siku 28.

MASWALI

Nesi wa Bamburi: Nina presha. Watanifuta?
Jibu: Soma namba 1.

Kaka wa Changamwe: Si bora nifiche tu? Meneja hajui.
Jibu: Hapana. Kanuni zao, kifungu cha 20.9, zinakutaka uwe na afya ya kuimudu kazi yako. Ukidanganya kwenye fomu, kesi si ya afya tena, ni ya uaminifu, na hiyo haingoji miaka 2.
Kaka wa Changamwe: Umekuwa mkali.
Jibu: Nimekuwa mkali kwa sababu PIN, namba ya usajili, ni yako.

Mwanafunzi KMTC (chuo cha utabibu Kenya): Shikamoo dada. Kwa nini mgonjwa asubiriwe, mwizi asisubiriwe?
Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Shabaha yao ni kulinda wagonjwa, si kumwadhibu nesi kwa kuugua, na ugonjwa hutibika au hutulia. Ndiyo maana ya masharti: kwa mfano ubaki kwa mwajiri mmoja, usitoe dawa peke yako, ulete ripoti za daktari. Ripoti zikiwa njema, masharti hulegezwa au huondolewa.

Binti wa Tudor: Naondoka karibuni. Niliwahi kutibiwa sonona hospitali ya Port Reitz, na ajenti ameniambia nisitaje.
Jibu: Usimsikilize, mwanangu. Ukiulizwa, sema kweli. Kabla hujaondoka chukua barua ya daktari: ugonjwa, tarehe, dawa na kipimo chake. Aandike jina halisi la dawa, si la kampuni, maana GP (daktari wa familia) wa kule huenda hajawahi kulisikia jina la paketi za huku.

Binti wa Tudor: Na dawa nilizo nazo?
Jibu: Ziache kwenye paketi zake, uziweke kwenye mkoba wa mkononi pamoja na hiyo barua. Ukifika, jisajili na GP kabla hazijaisha.